Kwa Mtani Aliyeishia Katikati ya Ukurasa

Mpendwa mtani,

Sitakuuliza hali, maana ukinijibu nitakimbia mpaka Tabora bila viatu. Acha nikupe kwanza habari za huku. Upepo wa mwaka huu umewahi kuja. Vumbi linaingia mpaka ndani ya kabati la vyombo, na juzi pale ofisini Mtumba upepo ulifungua dirisha la chumba chako ukamwaga sakafuni karatasi zote za katibu muhtasi mpya. Ni binti mpole. Anachapa haraka kuliko wewe, ananiita mama, na tangu aje hajanitukana hata mara moja. Nimeshindwa kumzoea.

Barua hii naiacha wazi kila mtu aisome, kwa sababu watu huniuliza ni nani alinifundisha kuandika hadithi, na nikisema ni Mgogo mmoja aliyekuwa akiniita mpagazi, wanadhani nafanya mzaha. Lakini kuna jambo hasa lililonikalisha chini. Ulikuwa unanichapia riwaya yangu ulipotutoka, na uliishia katikati ya ukurasa, hata sentensi haijafika kwenye nukta. Kwa miezi mingi sikujua kama hadithi ilikuchosha ukaiacha, au ni maradhi yaliyokuzidi. Bila kulijua hilo sikuweza kuandika. Nilikuwa nakaa mbele ya karatasi, nainuka vile vile nilivyokaa. Sasa najua, ndiyo maana nimekuja. Najua unavyochukia mtu anayezunguka, kwa hiyo nitazunguka kidogo tu, univumilie.

Unaikumbuka siku ya kwanza? Nilikuwa nimehamishwa kutoka Tabora, nimepangiwa masijala, nikaingia chumbani kwako na mafaili yamenifika kidevuni. Uliniuliza kabila langu kabla hujaniuliza jina. Nikasema Mnyamwezi. Ukasimama, ukapiga makofi, ukawaita wenzako wa chumba cha pili.

"Njooni muone! Babu zake walipita hapa na pembe za ndovu za watu kichwani, na huyu kaja na mafaili. Mizigo imewaganda hawa!"

Nikakujibu kwamba babu zako walikaa kando ya njia kuwadai babu zangu hongo ndipo wawape maji, na kwamba nakuona bado umekaa pale pale, karibu na mlango, sijui leo unadai nini.

"Asali," ulisema, bila hata kufikiri.

Tangu hapo sikuwahi kwenda likizo nikarudi bila dumu la asali, na hukuwahi kunishukuru. Ulilipokea kama mtu anayepokea haki yake. Kwa wasiotujua niseme hivi: Mgogo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu nawe ukacheka. Anaweza kubeba kuku wako mchana kweupe usimshitaki. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja kuwachekesha wanaolia. Kwa mwandishi, mtu wa namna hiyo ni bahati kubwa. Marafiki zangu wengine wakisoma hadithi zangu wanasema nzuri, hongera, endelea. Wanaogopa kuniumiza. Wewe hukuwa na hofu hiyo kabisa.

Uligundua kwamba naandika siku uliponikuta kwenye basi la wafanyakazi nimeinamia kaunta buku. Uliipokonya, ukasoma ukurasa mmoja huku tunatikisika, ukauliza ni nani ananichapia. Nikasema hakuna. Nyumbani kwako Makole mlikuwa na kompyuta ya zamani ambayo mumeo, Baba Nyemo, aliwanunulia watoto, na watoto walishaikimbilia simu.

"Lete," ulisema. "Lakini tuelewane. Mimi nachapa mpaka pale ninapotaka kujua kinachofuata. Nikiacha kutaka, nashuka. Sikai kwenye gari lisilokwenda."

Nilidhani ni utani wa kawaida. Nikakuletea hadithi ya kijana aliyetumwa na baba yake kupeleka mbuzi wa mwisho wa mahari kabla jua halijazama, la sivyo wakwe watavunja uchumba wa kaka yake. Nilikuwa nimeipenda sana hadithi ile. Baada ya siku chache ulinirudishia karatasi chache zilizochapwa, na kaunta buku yangu ikiwa na mstari wa penseli katikati ya ukurasa.

"Nimeshukia hapo," ulisema.

"Kwa nini?"

"Mbuzi yuko wapi?"

Sikukuelewa.

"Huyu bwana kakaa juu ya jiwe, anakumbuka utoto wake. Karatasi ya kwanza anakumbuka, ya pili anakumbuka, ya tatu anamkumbuka bibi yake. Kamba kaishika nani? Huku kwetu mbuzi huyo ameshaliwa na fisi. Asipoliwa na fisi nimemla mimi."

Nilikasirika, mtani. Nikakuambia kwamba yale ni mawazo ya mhusika, kwamba msomaji anahitaji kumjua mtu kwa ndani. Ukanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yako, kisha ukasema, "Basi awaze huku anatembea."

Nilikwenda nyumbani nimenuna. Nikaandika upya. Yule kijana akawa anamkumbuka bibi yake huku anavuta kamba, mbuzi anagoma kwenye kichaka, jua linashuka, na nikashangaa kwamba kumbukumbu zile zile, zilizokuwa zimelala juu ya jiwe, sasa zilikuwa zinauma. Ulichapa yote. Ulipoileta ulisema tu kwamba mbuzi alikuwa mnono. Tangu siku hiyo, kila nilipoandika nikahisi mkono unateleza kwa raha, nikapenda sana sentensi zangu, nilisikia sauti yako ikiuliza mbuzi yuko wapi.

Wapo watakaodhani ulikuwa mtu wa pupa, kwamba ulitaka watu wakimbie tu kwenye hadithi. Sivyo. Unaikumbuka ile ya mwanamke aliyekaa kwenye benchi la hospitali akingoja mume wake aitwe? Haondoki pale hadithi nzima. Anahesabu vigae, anamtazama muuguzi, anakunja risiti, anaikunjua. Nilikuletea nikijua utashuka kwenye aya ya pili. Ukaichapa mpaka mwisho kwa siku moja, ukaja nayo masijala saa ya chakula, hukunitania hata kidogo mpaka nikahofia una homa.

"Huyu kakaa hadithi nzima," ulisema, "lakini anakwenda."

"Anakwenda vipi?"

"Mimi nitajuaje? Mwandishi ni wewe. Mimi nilikuwa nataka tu waliite hilo jina."

Hilo ndilo nimelitafuta katika kila nilichoandika baadaye, na sijapata maneno ya kulieleza vizuri kuliko yako. Msomaji awe na jina analotaka liitwe. Akishalitaka, unaweza kumkalisha kwenye benchi muda wote unaopenda.

Ulikosea pia, na nitalisema hadharani maana wewe hukulikubali kamwe. Ile hadithi ya mzee na redio yake mbovu uliishukia mapema, ukasema mzee anakuchosha. Nikakataa kubadili. Nikaja kwako Jumamosi, nikakaa mwenyewe kwenye kompyuta, nikaichapa kwa vidole viwili huku unapita nyuma yangu na sufuria ya mlenda ukiguna. Ikasomwa kwenye redio, watu wakapiga simu. Kesho yake uliniambia watu wa redio wana subira. Lakini Baba Nyemo alishaninong'oneza kwamba wakati inasomwa ulizima jiko ili usikie vizuri, na chakula kilichelewa.

Hadithi ya Kalunde, ndiyo hiyo riwaya, nilikusimulia Hombolo, msimu wa kuvuna zabibu. Ulinialika kwenu eti nipumzike, kumbe ulitaka mtu wa kubeba kreti. Ulipomaliza kuwatangazia ndugu zako wote kwamba umewaletea Mnyamwezi kutoka mjini mwenye shingo ya kazi, tulikaa pembeni ya shamba tunakula zile zilizopasuka. Ukauliza kinachofuata ni nini. Nikakueleza: dada wawili. Mkubwa, Kalunde, alimfukuza mdogo wake nyumbani kwa maneno mabaya, tena mbele ya watu. Miaka imepita. Mdogo anasikika yuko Mtumba, anawapikia mafundi wanaojenga maofisi. Sasa mama yao ni mgonjwa, anawataka wote wawili. Kalunde ndiye anayepaswa kwenda kumleta.

Uliacha kutafuna. "Hiyo niandikie haraka," ulisema. "Nataka kujua watasemezana nini."

Nikasema hata mimi nataka kujua. Ilikuwa kweli. Sikujua, na niliona haraka haipo, nitajua nikifika.

Nikaanza kuandika, nawe ukaanza kuumwa. Mwanzoni ulikuwa unaomba ruhusa siku moja, baadaye wiki, kisha kiti chako kikabaki kitupu na tukazoea kukipita bila kukiangalia. Nilikuletea sura nyumbani. Nilikukuta umevaa sweta hata mchana wa jua kali, umejiegemeza kwenye mto, kibodi iko mapajani. Nikikuambia pumzika, ulisema mgonjwa ni mwili, vidole havijapewa ruhusa. Hukushuka popote. Kalunde aliuza mbuzi wake apate nauli, ukachapa. Akagombana na shangazi yake aliyemwambia asiende, ukachapa. Akashuka Mtumba, akapigwa na vumbi, akamuuliza fundi mmoja njia ya kwenda kwa mama ntilie wa mafundi. Hapo ndipo ulipofika.

Ulipozikwa, Baba Nyemo aliwasha kompyuta, akachapisha yaliyokuwemo, akaniletea pamoja na kaunta buku zangu. Mstari wako wa mwisho unasema hivi: "Kalunde akamshukuru yule fundi, akaikaza kanga yake kichwani, akaanza kuelekea". Basi. Baada ya hapo ni weupe wa karatasi.

Nikafungua kaunta buku nione sentensi yangu ilikuwa inakwenda wapi. Ilikuwa inaendelea: "kwenye nyumba ya mama mmoja aliyemwona akianika nguo, ili apumzike kidogo." Na kweli Kalunde wangu alipumzika. Alipewa chai. Yule mama alikuwa na habari nyingi, ana binti anayeolewa, ana ugomvi wa mpaka wa kiwanja. Kalunde alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, akasimama kuyashangaa maghorofa. Sura baada ya sura, mtani, zote nilikuwa nimeshakuletea, zilikuwa pale kando ya kitanda chako, na mdogo wake yuko upande wa pili wa barabara anapika maharage.

Sasa unaelewa kilichonitesa. Ungeishia mahali pengine popote ningesema ni ugonjwa. Lakini uliishia pale pale gari lilipoacha njia. Mstari wa penseli haukuwepo, lakini nilijiambia huenda hukuwa na nguvu ya kuuchora. Nilijiambia ulifunua mbele, ukaona chai na kwaya, ukashuka. Kwamba jambo la mwisho nililokupa katika maisha yako lilikuwa kukuchosha. Niliumia, na baada ya kuumia nikakukasirikia. Nilikaa na hasira na marehemu kama mtu asiye na akili.

Siku ya mazishi watani wako tulitimiza wajibu. Sisi Wanyamwezi wa ofisini tulilala barabarani mbele ya gari lililokubeba, tukakataa lisipite mpaka tupewe jogoo, na ndugu zako wakacheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Mimi nililala pale chini namtazama tu yule jogoo, mzaha umenikataa. Lakini siku ya kuanua matanga, iliyofanyika baada ya miezi mingi, hawakuniacha. Mchungaji alipomaliza sala, shangazi yako alitoka ndani na sweta lako na miwani yako, akanitupia mapajani.

"Mtani, tuletee mtu wetu," alisema. "Tumemkumbuka."

Nikavaa, maana kumwigiza marehemu ni kazi ya mtani. Miwani yako ilinifanya nione watu wote kama wako ndani ya maji. Nikaweka mkono kiunoni, nikaburuta kandambili kama unavyoburuta, nikaingia katikati ya watu nimebinua mdomo, nikawasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Chumvi ya mlenda huu kaitia nani? Mimi nimeondoka juzi tu, tayari mmesahau kupika?"

Watoto walipiga kelele. Shangazi yako alijifunika kanga usoni. Dada yako akauliza kwa sauti, "Dada, mizabibu umemwachia nani?"

"Nimemwachia Mungu. Ninyi nawajua, mtaangalia tu majani."

Walicheka sana. Nilianza kuona raha, nakusikia umenijaa kooni. Ndipo Nyemo, mwanao wa kwanza, aliyekuwa amesimama nyuma na ndevu zake mpya za chuo, akauliza, "Mama, na kitabu cha mtani wako? Mbona hukumaliza kukichapa?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilijibu tu, kwa sauti yako.

"Nilishuka! Yule mwanamke kaja kumtafuta mdogo wake, mtani wangu kampeleka kunywa chai kwa watu. Mnajua kwa nini? Anaogopa. Hajui watasemezana nini, basi anamtembeza mjini. Mpagazi yule! Akiona mlango anaopaswa kuugonga, anatafuta mzigo mwingine wa kubeba."

Uwanja mzima ulicheka. Mimi nikavua miwani kwa sababu sikuwa naona tena. Hakuna aliyenifundisha maneno yale. Miezi yote ile nilikuwa nangoja mtu aniambie hadithi ilikosea wapi, na kumbe nilikuwa nalijua jibu lote, ila sikuwa na ujasiri wa kulisema kwa sauti yangu. Ilibidi niazime yako.

Nikadhani yameisha. Nikadhani nimeshapata nilichokuwa natafuta, kwamba ulishuka kweli, na kwamba ulikuwa na haki. Nilikuwa nasaidia kupanga sahani kwenye kichanja cha vyombo nyuma ya jiko, Baba Nyemo akanifuata. Unajua alivyo, husimama kwanza kama mtu aliyesahau kilichomleta.

"Shemeji," alisema, "yale uliyosema pale umechekesha watu, asante. Lakini hayakuwa hivyo."

Nikaweka sahani chini.

"Alikuwa anachapa. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi. Akashika ubavu, akaniita, nikaja nikamwinua. Ile kompyuta tuliiacha inawaka. Jirani akatoa gari. Njiani akanishika mkono, akaniuliza, 'Baba Nyemo, alimkuta?' Nikamwambia nani? 'Kalunde. Alimkuta mdogo wake?'"

"Ukamjibu nini?"

"Mimi mambo ya vitabu nayajulia wapi, shemeji? Sijakisoma. Nikaona mtu anaumwa, anauliza. Nikamwambia ndiyo, alimkuta. Akauliza tena, 'Walisemezana nini?' Nikamwambia nitakusomea ukirudi nyumbani."

Nilishindwa kumtazama.

"Nilimdanganya?" aliniuliza. "Alimkuta, au hakumkuta?"

"Bado," nilisema.

"Bado?"

"Bado hawajakutana."

Akafikiri. Akashika ukingo wa kichanja, akautikisa kidogo kama anayejaribu uimara wake. "Basi wakutanishe, shemeji. Mimi nilishamwambia."

Kwa hiyo hukushuka, mtani. Hukufunua mbele, hukuiona chai wala kwaya. Ulikuwa bado ndani, unataka kujua, mpaka kwenye gari la jirani unataka kujua. Niliyeshuka ni mimi. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nadhani sikuogopa mazungumzo ya wale dada peke yake. Nilikuona unavyopungua, nikaona kwamba kila sura ninayokuletea unaamka kuichapa, nikaanza kuzirefusha. Nilijiambia hadithi inapanuka. Kumbe nilikuwa nakuwekea mizigo njiani ili usiwahi kufika. Nilitaka ubaki. Ndiyo hiyo tu.

Nilirudi nyumbani kwangu nikaziondoa sura zile zote. Nyingine zilikuwa nzuri, usinicheke, ile ya maghorofa naipenda mpaka leo. Nikachukua sentensi yako pale ulipoiacha, "akaanza kuelekea", nikaongeza maneno machache: "kule moshi ulikokuwa unatoka." Baada ya hapo Kalunde alikwenda mwenyewe. Nilikuwa nimemwandalia hotuba ndefu ya kuomba radhi, aliyokuwa akiikariri toka nyumbani. Nikaiandika yote, nikaisoma, nikaona mbuzi hayupo, nikaifuta. Nikawaacha wasemezane watakavyo.

Jumapili iliyopita nilikwenda Hombolo, ulikozikwa, na karatasi zile. Sikumwambia Baba Nyemo afanye nini nazo. Alizipokea kwa mikono miwili, akaenda kaburini kwako, akavuta kigoda, akakaa. Mimi nikasimama pembeni. Anasoma polepole, mtani, kwa kidole, na akifika kwenye nukta anapumua. Alikusomea jinsi Kalunde alivyomkuta mdogo wake ameinama kwenye sufuria kubwa, amemwona na hakuacha kukoroga. Jinsi mdogo alivyosema, "Umekuja," na mkubwa akasema, "Nimekuja." Jinsi mdogo alivyompa mwiko na kumwambia, "Shika hapa, yasiungue," akaenda kugawa sahani. Kalunde akakoroga. Mafundi walikuja wakala, wakaondoka, na wale dada hawajasemezana kingine. Wakaosha vyombo pamoja. Ndipo mdogo, bila kuinua uso, akauliza hali ya mama.

"Anaumwa," Kalunde akasema. "Anakuita."

Baba Nyemo akageuza karatasi. Akasoma swali la yule mdogo: "Ananiita mama, au unaniita wewe?"

Hapo sauti yake ilikatika. Alijaribu tena, ikakataa. Akaniinulia karatasi bila kugeuka, kidole kiko kwenye mstari uliofuata. Sikuhitaji kuusoma. Nilisogea mpaka karibu nawe, nikausema kwa sauti yangu mwenyewe.

"Ninakuita mimi."

Lala salama, rafiki yangu. Umesikia walivyosemezana.

Wako katika utani,
Mtani wako